Mistari Miwili kwenye Barafu

Kirov, 14 Oktoba 2007

Inga mwanangu,

Huku tuko salama, kama kubaki hai ni salama. Theluji ya kwanza imeanguka Jumanne ikayeyuka Jumatano. Baba yako anakusalimu. Goti lake limevimba tena na hataki kwenda hospitali, anasema kabeji ya kuchacha inaponya kila kitu, na sasa nyumba nzima inanuka pipa. Nimemkuta amelala na majani ya kabeji yamefungwa gotini. Kaka yangu huyo, na alisomea uhandisi.

Nimefaulu mtihani wa waamuzi wa kuteleza kwenye barafu. Nikiwa na miaka sitini na mmoja nimeketi kwenye dawati pamoja na vijana wanaotafuna ubani, na nimewashinda wote. Sasa nina karatasi inayoniruhusu kukaa kwenye meza ya ufundi, kuangalia marudio ya video kwenye kioo na kusema mruko ni upi, umezunguka mara ngapi, na umetoka ukingo gani wa chuma cha kiatu, wa ndani au wa nje. Mwaka huu wameleta sheria niliyoisubiri maisha yangu yote: anayeruka lutsi, mruko wa ukingo wa nje, kutoka ukingo wa ndani anawekewa herufi ndogo ya e kando ya mruko wake, na maksi zinashuka. Nilipoisoma nilikunywa chai na jamu ya rasiberi, peke yangu, kama mtu aliyepata mjukuu.

Kuhusu mjukuu sasa. Nimemwona Tasya kwenye televisheni. Amerefuka, na amekonda kupita kiasi. Watu wote ukumbini walipiga makofi. Mimi nilizima sauti nikaangalia mguu wa kushoto. Inga, wewe unajua nilichokiona. Anakuja kinyumenyume vizuri kabisa, ukingo wa nje, mkono umetulia, na sekunde ya mwisho kabla ya kupiga meno ya kiatu cha kulia kwenye barafu, kifundo kinaanguka ndani. Lutsi inayotoka ukingo wa ndani si lutsi. Ni flipi, mruko rahisi zaidi wa ukingo wa ndani, iliyovaa koti la jirani. Na kabla hajaondoka chini, kiuno kimeshazunguka nusu nzima juu ya barafu. Anaiba mwanzo, na nikitazama vizuri, anaiba na mwisho. Mizunguko mitatu wanayomhesabia, mimi nahesabu miwili na vijisenti.

Nimechefukwa. Si kwa mtoto, mtoto anafanya anachofundishwa. Nimechefukwa na huyo kocha wako Vadim Germanovich mwenye skafu ya hariri, anayewapanga watoto kama chupa dukani. Na wewe ni msaidizi wake, unasimama kando ya uwanja kila siku ukiangalia mwanao mwenyewe.

Nakuomba kitu kimoja. Usinijibu kwa simu, maneno ya simu hayana mwenyewe. Akisharuka lutsi, shuka kwenye barafu na ufagio mdogo, fagia vumbi, uchore alama iliyobaki. Kama tulivyofanya enzi za maumbo, yale maduara ya lazima ya kuchorwa kwa chuma, waamuzi walipokuwa wanapiga magoti kusoma mstari. Nichoree ninachotaka kuona, yaani kilichopo.

Shangazi yako,
Rimma


Moscow, 2 Novemba 2007

Shangazi Rimma, shikamoo.

Hongera sana kwa mtihani. Tasya amefurahi, anasema sasa ana bibi polisi. Baba mwambie kabeji ibaki sahanini, nitamtumia dawa ya kupaka. Sisi tuzima. Tumehamia karibu na uwanja, chumba kimoja lakini kina dirisha kubwa. Tasya anapata uji wa ngano nyeusi asubuhi na mchana supu, usianze.

Kuhusu ulichokiona, televisheni hupotosha. Pembe ya kamera ikiwa kando, ukingo wowote utauona wa ndani. Vadim Germanovich ametoa mabingwa, Shangazi, na hajatoa kwa bahati. Hapa kuna watoto ishirini na wawili wanaosubiri nafasi ya Tasya, na mama zao wanakaa ngazini na chupa za chai toka alfajiri. Msimu ni huu. Akiingia timu ya vijana mwezi wa kwanza, anabaki. Asipoingia, atapelekwa kundi la mchana, na kundi la mchana ni kama kuagwa.

Mchoro huo hapo ndani. Utaona mwenyewe ni ukingo wa nje.

Umbusu Baba.
Inga


Kirov, 11 Novemba 2007

Inga,

Dawa imefika, baba yako ameinusa akasema kabeji ni bora. Jirani yetu wa juu amefariki, yule wa kinanda. Sasa kumekuwa kimya, na sikutegemea kwamba ningeukosa ule ubaya wake wa kupiga.

Mchoro nimeuweka mezani nikautazama siku tatu. Ni mzuri mno. Mstari una mkunjo mmoja safi toka mwanzo hadi mwisho. Hauna tobo la meno ya kiatu cha kulia. Mtu anapigaje lutsi bila kutoboa barafu? Na mwisho wa mstari haufifii. Mwanangu, huo umeuchora jikoni, ukiwa umefungua kitabu, labda kikombe kiko upande wa kushoto, maana karatasi ina duara la chai.

Nitakwambia alama ya uongo inavyokuwa, ingawa nilikufundisha ukiwa na miaka tisa. Mstari unapinda upande mmoja. Karibu na tobo, unakuwa miwili, midogo, sambamba, kwa urefu wa kidole. Hapo chuma kimelala bapa, kingo zote mbili ziko chini. Kisha unakuwa mmoja tena, lakini umepinda upande wa pili. Pale penye mistari miwili ndipo mtu anapobadilisha nguo.

Njia ya mwongo ni fupi, Inga, na ya huyu itaishia mgongoni. Ukizungusha kiuno huku mguu bado umeshikwa na barafu, kitu fulani lazima kikatike. Nimeshasema mara moja. Hii ni ya pili.

R.


Moscow, 9 Desemba 2007

Shangazi, shikamoo.

Naandika haraka. Tumeona orodha ya waamuzi wa Januari, mashindano ya vijana, na jina lako lipo meza ya ufundi. Vadim Germanovich aliniuliza kama Rimma Arkadyevna wa Kirov ni ndugu yangu. Nikasema ndiyo. Akatabasamu, akanipa nusu siku ya mapumziko. Hajawahi kunipa nusu siku.

Sikuombi kitu. Nataka tu ujue kwamba Tasya amefanya kazi sana. Anaamka mwenyewe, siku hizi hata simwamshi. Usiku anavaa mkanda wa joto kiunoni kwa sababu dirisha letu hili kubwa linaingiza baridi.

Heri ya mwaka mpya mapema.
Inga


Kirov, 28 Januari 2008

Inga,

Baba yako mzima, anakula, anagombana na redio. Haya, salamu zimekwisha.

Ulikuwa jukwaani kwa watazamaji, uliona matokeo, Tasya nafasi ya pili na maua. Mimi nitakwambia yaliyotokea mezani, maana hukuyaona, na nikiyaweka ndani yataniozea.

Asubuhi kwenye kikao nilisimama nikasema mbele ya wote: kuna mtoto hapa ni mjukuu wa kaka yangu, niondoeni kwenye kundi lake. Mkuu wa meza, yule mama mwenye kofia ya manyoya, hakuinua hata macho. Akasema, "Rimma Arkadyevna, humu kila mtu ni ndugu wa mtu. Kaa." Wakacheka. Nikakaa. Hilo nalo ni langu.

Akaja binti wa Izhevsk, Zulfia, nguo imeshonwa nyumbani, mwalimu wake ana koti moja la miaka yote. Lutsi. Kifundo kikaanguka ndani. Nikasema marudio. Mkuu akatazama muda wa kufumba jicho: "Ndani. Weka e. Na mzunguko haukutimia, shusha." Sawa, ni haki, hata mimi ningeweka. Mtoto akatoka analia.

Akaja Tasya, wa mwisho katika kundi. Lutsi. Inga, ilikuwa ni ile ile. Ungeziweka moja juu ya nyingine zingelingana. Nikasema marudio.

"Ya nini?" akauliza mkuu.

"Lutsi."

"Mimi nimeiona sawa."

"Basi tuione sote sawa."

Akarudisha. Tukatazama taratibu. Yeye akamenya peremende, polepole, karatasi inalia kwenye kipaza sauti. Akasema, "Pembe ya kamera ni mbaya."

"Ni kamera ile ile ya binti wa Izhevsk."

"Rimma Arkadyevna, huyu ni mtoto wa Vadim Germanovich."

"Huyu ni mtoto wa binti wa kaka yangu."

"Si unaona? Una sababu mbili za kuwa kipofu, na bado unatumbua macho."

Yule kijana wa tatu mezani akatazama viatu vyake akasema yeye haoni tatizo. Wawili kwa mmoja. Mkuki kwa nguruwe, basi, na nguruwe siku hiyo alitoka Izhevsk. Nikaenda msalani nikatapika chai yote, mtu mzima, na beji shingoni.

Kisha nikafanya jambo la kipuuzi. Kabla mashine ya kusafisha haijaingia, nilichukua ufagio wa wasichana wanaookota maua nikashuka kwenye barafu na mabuti yangu. Mlinzi akapiga kelele, nikamwacha apige. Nikaipata alama. Nikapiga magoti. Mistari miwili, urefu wa kidole changu cha kati.

Nilipoinuka, Tasya alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja na maua yake. Akaniuliza, "Bibi, unatafuta nini?"

Nikamwambia, "Nimedondosha kitu."

Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si yule mama wa peremende. Mtoto ameniuliza swali la kweli, nami nikambadilishia ukingo. Karatasi yangu ya uamuzi nimeirudisha kwa posta. Najionea kinyaa, nawaonea kinyaa, na wewe pia, samahani, maana ulikuwa unapiga makofi.

Rimma


Moscow, 6 Februari 2008

Shangazi,

Leo hakuna salamu.

Ulitaka kumwekea alama mjukuu wako mwenyewe, mbele ya watu, mwaka ambao nafasi yake ilikuwa imening'inia kwenye uzi. Na unajisifu kwa hilo kurasa tatu. Ulichokitaka ni kuwa safi. Mtoto ni kitambaa tu cha kujipangusia.

Unamtukana Vadim Germanovich. Haya, nikuulize, lutsi yangu mimi nilifundishwa na nani? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Uwanja wa Kirov, bomba limepasuka, tumevaa kofia ndani. Nilikwambia, Shangazi, nahisi mguu unaanguka. Ukasema, "Usihisi, ruka." Nikaruka hivyo miaka sita. Hakuna aliyeniwekea herufi kwa sababu herufi haikuwepo. Tasya amejifunza kwa kuniangalia mimi tangu akiwa na viatu vya kufunga kwa kamba mbili. Vadim Germanovich aliikuta tayari imeshamea.

Nyani haoni kundule. Usiniandikie kuhusu ufagio.

Inga


Moscow, 20 Aprili 2008

Shangazi Rimma, shikamoo.

Hukujibu, na sikutegemea ujibu. Baba ameniambia kwa simu kwamba unasema ulinifundisha ukingo wa nje na mimi ndiye niliyelegea. Sitaki kubishana tena. Sina nguvu hiyo.

Tasya ana ufa kwenye pingili ya mgongo, chini, mahali ambapo alikuwa anavaa ule mkanda wa joto. Dirisha halikuwa na kosa. Alikuwa anaumia toka Novemba, na alinificha, nami nilijifanya sijui kwamba ananificha. Daktari aliuliza anafanya nini kutwa. Nikamwonyesha kwa mikono. Akasema, "Yaani anajikamua kama nguo mbichi, mara mia kwa siku, na nyinyi mnatazama?" Amewekewa vesti ngumu ya plastiki, toka kwapani hadi nyongani. Miezi mitano. Baada ya hapo hawajui.

Nilimwambia Vadim Germanovich ofisini kwake. Akasema, "Pole. Tulikuwa na msimu mzuri." Siku hiyo hiyo jina la Tasya lilikuwa limefutwa ubaoni, na halikufutwa vizuri, unaweza kulisoma ukisimama kando. Kesho yake akaniletea nguo ya Tasya ya samawati, ile ya Januari. Ataivaa binti mwingine, mdogo zaidi. Akaniomba nipunguze pindo kwa sababu nina mkono mzuri wa sindano.

Nimelipunguza, Shangazi. Nilikaa kitako nikalipunguza sentimita nne, nikapiga na pasi. Tasya alikuwa kitandani ananitazama. Nilipomaliza akaniambia, "Mama, bega la kushoto linabana, mlegezee." Nikalegeza.

Tangu siku hiyo mikono yangu inanitia kichefuchefu. Nikishika mkate, naona ile sindano.

Mchoro wa Novemba niliuchora jikoni. Kikombe kilikuwa kushoto.

Inga


Kirov, 27 Aprili 2008

Mlete.

Baba yako ameshahamia sebuleni na pipa lake, chumba ni cha Tasya. Nimeongea na uwanja, wananipa barafu saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya wale wa mpira wa magongo. Hata kama hatateleza tena, aje akae, ale mikate ya uyoga, asipimwe na mizani. Wewe njoo ukiweza kuondoka. Usipoweza, usinieleze sababu.

R.


Kirov, 5 Oktoba 2008

Inga mwanangu,

Umeondoka wiki iliyopita tu na baba yako ameshaanza kuuliza unarudi lini. Goti limepona. Anasema ni kabeji. Koti lako la kijivu umelisahau, litakusubiri, na ile kazi ya shule ya watoto wadogo pale mtaani kwetu bado haina mtu. Nasema tu.

Tasya ananenepa kidogo, nashukuru. Vesti imevuliwa. Daktari wa huku ameruhusu kuteleza polepole, mruko hata mmoja hapana mpaka mwaka mpya. Kwa hiyo tunachora maduara. Duara moja, mguu mmoja, ukingo mmoja, kisha tunashuka na ufagio kulisoma. Siku ya kwanza alichoka na kusema huku ni kusoma chekechea. Siku ya nne hakutaka kutoka, wale wa magongo wakaanza kugonga ukuta. Ana jicho kali kuliko langu. Anaona mahali nilipopumua.

Sasa nakuandikia lile nililolikwepa toka Februari.

Alhamisi aliniambia, "Bibi, mimi siruhusiwi kuruka. Ruka wewe. Lutsi ya mzunguko mmoja, ile sahihi, nione alama yake ilivyo."

Nikamwambia nina miaka sitini na miwili.

"Nitashika ufagio," akasema, "na nitaita gari la wagonjwa."

Nikaenda. Nikaja kinyumenyume kwenye pembe ndefu, mkono umetulia. Nilihisi ukingo wa nje wazi kabisa, Inga, kama ninavyohisi ulimi mdomoni. Nikapiga meno, nikaruka, nikatua. Sikuanguka. Wale wa magongo mlangoni wakapiga makofi, na nilijisikia mtu.

Tasya akafagia. Akapiga magoti. Akakaa hapo muda mrefu, nikadhani anafurahia.

"Bibi," akasema.

"Sema."

"Kuna mistari miwili hapa."

Nikamwambia atakuwa amefagia mahali pa mtu mwingine. Akanionyesha tobo langu, bado lina unga mbichi. Nikashuka na magoti haya. Urefu wa kidole, Inga. Kidole changu mwenyewe kilitosha juu yake. Kisha mstari ukapinda kwa ndani, laini, kama kitu kilichozoea.

Miaka zaidi ya arobaini. Hakuna aliyewahi kufagia chini ya miruko yangu, maana waamuzi walifagia maumbo tu, miruko waliitazama kwa mbali. Nilihisi nje, nikafundisha nje, na mguu wangu ukakuonyesha ndani. Uliniambia mguu unaanguka, nami nikakuambia usihisi. Ulisema kweli. Nilikupa nilichokuwa nacho, wewe ukampa yeye, na kwa ajili hiyo nilienda kutapika msalani na kumchukia mama wa peremende. Nisamehe, mwanangu. Nimesema.

Mchoro huo ndani ya bahasha ameuchora Tasya, palepale, karatasi imelowa kwa sababu aliiweka kwenye barafu. Tobo lipo. Mistari miwili ipo. Hakuninyooshea hata unywele mmoja. Kwenye kona ameandika tarehe, jina langu lote na la baba yangu, na kando yake herufi ndogo ya e.

Nilimwambia pengine mwanga ulikuwa mbaya. Akanitazama tu, ufagio mkononi, akasubiri. Nikaipokea karatasi kama ilivyo.

Kesho saa kumi na mbili tunaanza na duara, mguu wa kushoto, ukingo wa nje. Wote wawili.

Shangazi yako,
Rimma